Rika tofauti, kundi moja: michezo na kazi za kujenga tabia njema kwa watoto wa mtaa

Mwambie mtoto wa miaka sita "uwe mkweli" naye atakuitikia vizuri tu. Dakika tano baadaye mpira utamgusa mgongoni, na ataapa kwa kila kitu kwamba haukumgusa. Hakukudharau. Neno ulilompa lilikuwa bado halijapata kazi ya kufanya. Ndiyo maana utaratibu wa hapa unaenda kinyume na ulivyozoeleka: tafuta kwanza mchezo au kazi ambayo haiendi bila ile tabia unayoitaka, waache watoto waingie ndani yake, na tabia yenyewe uitaje mwishoni, ikiwa imeshaonekana. Ukianza na jina lake umeanza kuhubiri, na mahubiri wameshayapata nyumbani, shuleni, madrasa na kanisani.

Maelekezo haya ni ya kundi la watoto 24 wenye umri wa miaka 5 hadi 13, wanaokutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90. Mahali panapotosha ni uwanja wa udongo wenye kivuli upande mmoja, bomba au madumu ya maji, na choo kilicho karibu. Muda mzuri ni saa kumi na robo jioni hadi saa kumi na mbili kasorobo: sala ya alasiri imepita, magharibi haijaingia, na jua limepungua ukali.

Kugawa kundi

Gawanya watoto katika kaya nne za watoto sita. Kila kaya iwe na wawili wa miaka 5 hadi 7, wawili wa 8 hadi 10, na wawili wa 11 hadi 13. Waache wajipe majina wenyewe; miti inafaa sana, maana kila mtoto anaujua Mwembe, Mbuyu, Mnazi na Mkorosho. Ndugu wa nyumba moja uwatenganishe, kwani dada mkubwa akiwa kaya moja na mdogo wake ataendeleza pale pale ugomvi wa asubuhi. Isipokuwa yule wa miaka mitano anayelia siku ya kwanza: huyo mwache na ndugu yake kwa wiki mbili, kisha umhamishe. Wakishapangwa, usivunje kaya kabla ya wiki nane. Watoto hawaaminiani kwa siku moja.

Watu wazima wasipungue watatu. Mmoja anaongoza, mmoja anazunguka pembeni akiangalia wanaojitenga, wa tatu anashika vifaa na daftari la mahudhurio lenye simu za wazazi na jina la mtu anayeruhusiwa kumchukua kila mtoto. Mtu mzima asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, hata kama ni kwa dakika mbili na hata kama ni mtu mnayemheshimu. Chooni mdogo huenda na mkubwa wa jinsia yake, na mlezi anasimama pale anapoona mlango.

Kundi lenye rika tofauti huharibika kwa namna tatu, na zote zinajulikana mapema. Wakubwa hugeuka maaskari: "Kaa chini! Nyamaza!" Hiyo hutokea wanapopewa cheo bila kupewa mzigo. Dawa yake ni kukifungasha cheo na wajibu. Kaka au dada wa kaya ndiye anywaye maji mwisho, ndiye abebaye vifaa, na cheo hicho hubadilika kila baada ya wiki mbili. Wadogo nao hugeuka mapambo, wanabebwabebwa na kuchekewa. Wape mamlaka ya kweli, hata kama ni madogo: mdogo kuliko wote ndiye ashikaye firimbi, na mchezo hauanzi mpaka apulize. Kisha kuna wale wa kati, miaka 8 hadi 10, ambao kila mtu huwasahau mpaka waanze fujo. Hao wana ugonjwa wa sheria. Wanajua nani kavuka mstari na kwa kipimo gani. Wafanye waamuzi na waweka hesabu, na fujo itapungua yenyewe.

Mpangilio wa kikao hauhitaji maneno mengi. Dakika 10 za salamu na vitendawili, 30 za mchezo wa kukimbia, 10 za maji na kupumzika, 25 za kazi ya kaya, 10 za mazungumzo, na 5 za kusafisha uwanja. Mazungumzo yakizidi dakika 10, wa miaka mitano wameshaanza kuchora ardhini.

Rede, na bei ya ukweli

Kwa ukweli na uaminifu hakuna mchezo unaoshinda rede, na vifaa vyake ni bure. Unahitaji chupa ya maji ya nusu lita, mchanga mkavu uliochambuliwa kokoto, na mpira wa matambara wenye upana wa sentimita 8 hadi 10. Zamani mpira huu ulitengenezwa kwa mifuko ya rambo. Tangu Tanzania ilipoipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, soksi kuukuu iliyojazwa vitambaa na kuzungushiwa mipira ya tyubu ya baiskeli inafanya kazi ile ile, na haiumizi.

Warushaji wawili wasimame mita 8 kutoka kila mmoja. Chupa iwe katikati. Kaya moja inaingia ndani, inakwepa mpira huku ikijaza chupa kwa viganja. Kila mtaa una sheria zake za rede. Hapa ongeza moja tu: hakuna anayeruhusiwa kumwambia mwenzake "umeguswa". Aliyeguswa hutoka mwenyewe.

Hapo ndipo walezi wengi hukosea. Wanaweka sheria hiyo siku ya kwanza pamoja na adhabu ya kukaa nje mpaka mchezo uishe, kisha wanashangaa watoto wote wamekuwa waongo. Kwa mtoto wa miaka saba, kukaa nje dakika kumi ni bei kubwa mno kwa ukweli ambao hakuna aliyeuona. Anza na bei ndogo. Wiki ya kwanza na ya pili, anayetoka anahesabu mpaka 20 na kurudi. Wiki ya tatu na ya nne, anakaa nje mpaka chupa ijae. Kuanzia wiki ya tano, akitoka ametoka. Kufikia hapo kutoka kumeshakuwa desturi ya kundi, na anayebaki ndani wakati ameguswa anajisikia vibaya bila kuambiwa.

Warushaji wa miaka 11 kwenda juu warushe kwa mkono wa kushoto (wanaotumia kushoto, kwa kulia), na mpira upige kiunoni kwenda chini. Bila hivyo, wavulana wakubwa huwapiga wadogo kwa nguvu zote na mchezo unaisha kwa kilio.

Baada ya mchezo usiulize "nani alidanganya?" Swali hilo huzaa umbea tu. Wala usiulize nani alitoka bila kuonekana, maana utavuna majigambo. Uliza hivi: "Ukijua umeguswa na hakuna aliyeona, tumboni kunakuwaje?" Wadogo hujibu swali hili vizuri kuliko wakubwa.

Nyama, nyama, nyama

Huu wanaujua wote: anayeongoza anataja mnyama, akiwa wa kuliwa wanaruka na kuitikia "nyama!", asipoliwa wanatulia tuli. Ni zoezi la kujizuia, na linatosha dakika 10. Ongeza kasi polepole. Ukianza kwa kasi, wadogo wote watatoka raundi ya kwanza. Badala ya kutolewa, anayekosea arudi nyuma hatua moja.

Kundi lenye Waislamu na Wakristo likubaliane kabla kwamba nguruwe hatajwi. Panya je? Kusini mwa Tanzania wapo wanaokula panya buku, na ikiwa mtoto wa huko yumo, darasa la heshima limejileta lenyewe: kinachokutia kinyaa wewe, kwa mwenzako ni kitoweo. Usikose nafasi hiyo, ila usiirefushe.

Muwa na kisu

Kwa haki na kugawana, leta miwa minne, mmoja kwa kila kaya. Osha miwa, mikono, kisu na ubao wa kukatia. Anayekata ni mmoja wa wakubwa wawili, mtu mzima akiwa ubavuni kwake. Sheria ni moja: mkataji huchagua mwisho. Mdogo kuliko wote huchagua kwanza, kisha wanapanda kwa umri. Siku ya kwanza mkataji atakata ovyo, atabaki na kipande cha kichwani kisicho na utamu, na somo litakuwa limekwisha bila wewe kufungua mdomo. Wiki ijayo mwingine atapima kwa vidole kabla ya kushusha kisu.

Wiki ya tatu ndiyo tamu. Toa vipande saba vilivyo sawa kwa watoto sita. Waambie kaya ina dakika tatu kuamua cha saba ni cha nani, na kila mtu awe ameridhika. Utasikia mengi: kikatwe vipande sita, apewe aliyefagia uwanja, apelekewe mgonjwa aliyekosa kuja, apewe mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Wadogo karibu kila mara hung'ang'ania sawa kwa sawa. Wakubwa huanza kuuliza nani ana shida zaidi au nani kafanya kazi zaidi. Usitoe hukumu. Mwombe kila mmoja aseme sababu yake, na hoja ya "kwa sababu mimi ni mkubwa" mwachie mdogo aijibu.

Kwa walio chini ya miaka 6, kata vipande vyembamba na wakae chini wakati wa kutafuna, wateme makapi. Kutafuna huku wanakimbia ndiko hupalia. Chungwa linafaa pia. Mwezi wa Ramadhani zoezi hili liahirishe kabisa: watoto wakubwa wanaofunga hawapaswi kukata miwa ya wenzao.

Leso machoni

Tengeneza njia ya mita 15 yenye vizuizi sita: ndoo iliyopinduliwa, tairi, gogo, kamba iliyolala chini, fagio, kopo. Isiwe karibu na ngazi, shimo, kisima wala jiko. Watoto wajipange wawili wawili, mkubwa na mdogo. Mkubwa ndiye anayefungwa leso kwanza, na mdogo anamwongoza kwa sauti tu, bila kumshika.

Wengi hufanya kinyume, mkubwa anamwongoza mdogo, na mchezo unakwenda vizuri bila kufundisha kitu, kwa kuwa hivyo ndivyo wanavyoishi siku zote. Mdogo akiwa na mwili wa mkubwa mikononi mwake, hapo ndipo huruma na wajibu vinapopata uzito. Mkubwa naye anajifunza kumsikiliza mtu ambaye kwa kawaida humpuuza.

Watoto wa miaka mitano wengi huchanganya kulia na kushoto. Mfunge anayeongozwa kipande cha kitenge kwenye mkono wa kulia, na maelekezo yawe "upande wa kitambaa" na "upande usio na kitambaa". Kitakachoharibika ni kwamba mdogo mmoja, kwa raha ya madaraka mapya, atampeleka mkubwa wake moja kwa moja kwenye ndoo. Simamisha pale pale, bila kugomba, na wabadilishane. Sasa yule mdogo yuko gizani na aliyefanyiwa utundu ndiye anayeshika sauti. Kimya cha sekunde tano zinazofuata kinafundisha kuliko hotuba yoyote. Mkubwa asipolipiza, msifu kwa alichofanya hasa: "Ulimwambia asimame kabla ya gogo." Sifa ya jumla kama "wewe ni mtoto mzuri" haimwambii arudie nini.

Asiyetaka kufungwa macho asilazimishwe. Afumbe tu, na afumbue akitaka.

Vitendawili kama shule ya unyenyekevu

"Kitendawili!" "Tega!" Wanaoshindwa hutoa mji, na mwenye kitendawili akiukubali huwapa jibu. Huku kutoa mji ni kukiri hadharani kwamba sijui, tena kwa kicheko. Watoto wa shule, waliozoea kwamba asiyejua ni mjinga, wanahitaji mahali pa kusema "sijui" bila aibu. Wadogo ndio watege, wakubwa wabashiri. Waanze na vyepesi: nyumba yangu haina mlango (yai), kuku wangu katagia mibani (nanasi). Mkubwa anayenong'ona jibu ili aonekane anajua, mpe kazi ya kumfundisha mdogo kitendawili kipya kwa ajili ya wiki ijayo.

Vikombe vilivyovunjika

Mwaka 1932 mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget alieleza jinsi alivyowapa watoto visa viwili: mtoto aliyefungua mlango akavunja vikombe 15 bila kujua vilikuwa nyuma yake, na mwingine aliyevunja kimoja akipanda kuchukua jemu kwa siri. Nani ana kosa kubwa? Wadogo walielekea kumtaja wa vikombe 15, na wakubwa wakamtaja wa jemu. Tumia visa hivyo, jemu iwe sukari kabatini.

Waulize wadogo kwanza. Ukianza na wakubwa, wadogo watanakili. Wakishajibu, usiwaambie wamekosea. Mwombe mtoto wa miaka 11 awaeleze anavyoona yeye, kwa maneno yao. Tofauti ya majibu itakueleza pia kwa nini mdogo anadai adhabu kali kwa aliyemkanyaga bahati mbaya. Kwake yeye maumivu ni maumivu. Nia bado haijaonekana.

Igizo la chenji

Kila kaya ipewe kisa kimoja na dakika 8 za kujiandaa. Mtoto katumwa dukani, anastahili kurudishiwa shilingi 500, mwenye duka kampa 1,500 na wateja wamejaa. Nyumbani mama hajui. Kaya icheze miisho miwili, mmoja akirudisha na mwingine asiporudisha, na katika kila mwisho lazima mwenye duka aonekane jioni akihesabu fedha zake. Sehemu hiyo ya jioni usiiruhusu irukwe. Bila yeye, igizo lote linakuwa la mtoto na noti.

Mdogo acheze mwenye duka au mama. Wakubwa wakicheza wahusika wote wenye maneno na wadogo wakawa miti na kuku, umerudi kwenye mapambo.

Zawadi na adhabu

Pipi kwa aliyesema kweli huzaa ukweli wa mbele ya mlezi tu. Ndani ya mwezi mmoja utaona watoto wanaookota takataka unapogeuka kuwatazama. Nyota na alama nazo huwa hivyo hivyo, hasa ukutani ambako wazazi wanaziona. Kazi iliyofanyika vizuri ilipwe kwa kazi kubwa zaidi: aliyetunza mpira wiki mbili bila kuupoteza sasa anashika ufunguo wa stoo.

Kuhusu adhabu, hakuna kuchapa, kupiga magoti wala kuaibisha. Aliyemwaga, ajaze. Aliyeumiza, amletee aliyeumia maji na akae naye mpaka atulie. Kuomba radhi kwa kulazimishwa hakufai; utasikia "samahani" inayotoka puani.

Angalieni pia neno adabu. Midomoni mwa watu wazima mara nyingi lina maana ya kunyamaza. Mtoto anayeuliza kwa shikamoo na sauti nzuri kwa nini sheria iko hivyo, ana adabu. Jibu ana haki nalo.

Tuta la mchicha

Hii ni kazi ya mwezi, kwa subira na uwajibikaji. Pima tuta la mita 1 kwa 4, gawanya mita moja kwa kila kaya. Lima kina cha sentimita 20, changanya debe moja la samadi iliyooza kwa tuta zima. Chora mistari iliyoachana sentimita 20, kina kisichozidi sentimita 1. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, hivyo changanya nusu kijiko cha chai cha mbegu na vijiko vikubwa vitano vya mchanga mkavu kwa kila kaya, kisha nyunyiza na ufunike kidogo. Zikizama hazioti.

Umwagiliaji ni asubuhi na jioni kwa dumu la lita 5 lililotobolewa matundu kwenye kifuniko. Maji ya lita moja yana kilo moja, kwa hiyo mdogo apewe dumu lenye lita moja na nusu na mkubwa abebe lililojaa. Zamu ni ya wawili, mkubwa na mdogo, na majina yaandikwe na wale wa miaka 8 hadi 10. Miche huchomoza siku ya tatu hadi ya tano. Wiki ya pili punguza ili mche na mche uachane sentimita 5 hadi 10. Mchicha mdogo unaong'olewa ni mboga tayari. Kati ya wiki ya tatu na ya nne mnavuna.

Kaya moja itasahau zamu. Usitoke usiku kuwamwagilia kwa huruma. Ukifanya hivyo miche itapona, na watoto watajua kwamba zamu ni ya karatasini. Waache walione kipande chao kimekauka katikati ya vitatu vya kijani, kisha uwe karibu siku ya mavuno, kwa kuwa hapo ndipo yote ya miwa na leso yanapojaribiwa. Kaya tatu zina mafungu ya mchicha, moja ina vumbi. Keti pembeni, wape dakika kumi, na usiingilie hata wakikaribia kugombana, ila mtu akiinua mkono. Wakiamua kugawa, wagawe. Wakiamua kila mtu na chake, na iwe hivyo, mradi wameisema sababu mbele ya wale waliokosa. Kisha wape kaya iliyokosa nusu kijiko kingine cha mbegu siku hiyo hiyo. Ndani ya mwezi mmoja watakuwa na mafungu yao.